Jina la Volkmar Uwanjani

Annegret, upo? Nimerudi sasa hivi kutoka uwanjani.

Unajua desturi ya hapa kwetu. Mtangazaji anaita jina la kwanza, uwanja mzima unamalizia la ukoo. Kaka yangu aliichezea timu yetu ya mpira miaka kumi na minne, na kila "Volkmar!" ilijibiwa "Dressel!" hadi madirisha ya kanisa la jirani yakatikisika.

Leo ni mechi yake ya saba akiwa kocha. Sita zilizopita amepoteza zote. Mtangazaji akamaliza kuwaita wachezaji, akasema, "Na kocha wetu, Volkmar…!"

Kimya.

Kimya, Annegret! Watu walewale! Akarudia, "Volkmar…!" Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Mungu anisamehe.

Jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Arudi tu dukani kwake akauze matairi." Wakacheka.

Ndipo Mama akasimama, na magoti yake yale mabovu, soseji mkononi. "Dressel!" Peke yake. "Dressel! Mmesahau nani aliwapandisha daraja?"

"Keti, bibi," wakamwambia. "Hizo ni za zamani."

Volkmar akageuka. Akampungia mkono, kama alivyokuwa akifanya akifunga bao.

Tumefungwa manne bila. Baadaye Volkmar akaja, akamvika Mama koti lake la ukocha.

"Wamekufukuza, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nimejiuzulu mwenyewe. Sitaki uniite peke yako tena."

Peke yako, Annegret. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, ubavuni kwa Mama.

Nimepiga magoti niombe. Limenijia neno moja tu, lile lililonishinda uwanjani.