Sanduku la Kuvuta Vumbi

Mafinga
4 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, na mahindi yamestahimili mvua za mwezi huu. Mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu niondoke Sumbawanga ni miaka sita, na umepokea simu yangu mara mbili, zote za msiba. Sawa. Barua utaifungua, maana najua huwezi kuacha karatasi yenye mchoro bila kuiangalia.

Mama ameniambia habari za Steven. Anakohoa tangu Oktoba. Makohozi yamepimwa mara mbili, hana kifua kikuu. Akipanda kwenda kanisani anasimama njiani mara tatu, na hajafika hata miaka thelathini na mbili. Tena mama akaniambia jingine ambalo sikulitegemea: kwamba tangu Silvana afungue mgahawa hapo jirani na kulalamika kwamba vumbi linaingia kwenye chakula, umeziba madirisha yote ya karakana kwa mbao. Kwa hiyo mashine ya randa, msumeno na msasa vyote vinanguruma ndani ya chumba kilichofungwa, na kaka yangu yumo humo kutwa nzima. Baba, ulifikiria nini?

Hapa kiwandani kuna mabomba makubwa yanayonyonya vumbi kila mashine inapowaka. Wewe huwezi kupata hayo, ila unaweza kutengeneza sanduku. Nimekuchorea. Ni sanduku la plaiwudi, urefu wa mita moja. Upande mmoja weka kitambaa cha shuka, nyuma yake chujio la hewa la lori, na upande wa pili weka feni kama zile za kutolea moshi jikoni. Lining'inize darini katikati ya chumba. Feni ikizunguka inavuta hewa chafu kupitia kitambaa na chujio, inatoa safi. Kwa mikono yako ni kazi ya siku mbili.

Na madirisha uyafungue. Silvana mtaelewana.

Msalimie mama.

Binti yako,
Bertilla


Katandala, Sumbawanga
2 Aprili 2024

Bertilla,

Marahaba. Sisi ni wazima, mama yako anakusalimu. Pasaka tumekula vizuri. Ulezi umesimama.

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hasira sikuweza kukaa. Nani alikuonyesha namna ya kushika randa? Nani alikufundisha kutofautisha mbao ya mninga na ya mkurungu kwa kunusa? Leo umekaa miaka sita kwenye kiwanda cha watu, unaniuliza mimi nilifikiria nini! Mimi si rika lako.

Vumbi hili nimelivuta miaka arobaini. Niko hapa. Naamka, nakula, nafanya kazi. Steven hana ugonjwa, ana ulegevu. Kikohozi chake kinamjia akiona ubao mzito.

Na hayo madirisha unayoyasema huyajui. Silvana alikuja karakanani na sahani ya wali, akaiweka juu ya meza yangu mbele ya wateja wanne. Akasema, "Mzee Teodori, hebu onja. Huu ni wali au ni maranda?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Niliyaziba siku ileile. Sitachekwa mara ya pili.

Mchoro wako nimewashia moto wa kuchemshia gundi.

Baba yako,
Teodori


Mafinga
11 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ulezi umesimama. Habari nyingine za salamu sina.

Uliniambia mashine ya randa si ya mwanamke, ndiyo maana niliondoka. Sasa naendesha mashine ambayo ukiileta Katandala itabidi ubomoe ukuta ili iingie. Kwa hiyo usiniambie sijui mashine.

Nina fundi mwenzangu hapa anaitwa Gaudensi. Ana miaka arobaini na moja. Kabla ya kuja kiwandani alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye banda la mbao lililofungwa kama lako. Wiki iliyopita aliombwa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka ofisini, si mbali, ni kama kutoka kwako hadi kwa Silvana. Aliitua mara nne. Ndoo moja, baba. Naye huko alikotoka walimwita mlegevu.

Umechoma karatasi. Safari hii nimechora kwenye kipande cha plaiwudi, na nimemkabidhi kondakta pamoja na machujio mawili mapya ya lori. Choma na hivyo ukitaka. Mpira wa machujio ukiungua utatoa moshi mweusi, na Silvana atakuja na sahani nyingine.

Kama hutaki kutengeneza kwa ajili yangu, tengeneza kwa ajili ya mama. Yeye ndiye anayemsikiliza Steven akihema.

Bertilla


Katandala, Sumbawanga
16 Juni 2024

Bertilla,

Marahaba. Mama yako hajambo. Baridi imeanza na upepo wake, kuni zinakwisha haraka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kumetokea mambo. Tarehe kumi na nne Mei Steven alidondoka karibu na mashine. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikiwa nimemkumbatia, mtu mzima, mpaka hospitali. Daktari akasema ni pumu ya vumbi la mbao. Akasema, "Asiingie tena kwenye vumbi." Nilimkasirikia yule daktari. Nikakukasirikia na wewe, kwa sababu alisema maneno yako kana kwamba mmekaa mkayapanga.

Nimetengeneza sanduku. Nilianza siku hiyohiyo niliyorudi kutoka hospitali, na hasira zangu zote. Mara ya kwanza niliweka feni mbele, ikawa inapuliza badala ya kuvuta. Ilirusha vumbi lote juu ya kabati la mwalimu Edith nililokuwa nimetoka kulipaka vanishi. Kabati likawa na manyoya kama mbuzi. Nikalikwangua upya, nikaigeuza feni kama ulivyochora. Mianya ya pembeni nimeiziba kwa mpira wa tyubu, hilo hukuliandika, nimelifikiria mwenyewe.

Linafanya kazi. Sitasema uongo. Kitambaa nilikiweka cheupe Jumatatu, Alhamisi kilikuwa na rangi ya ugali wa ulezi. Mama yako alikikung'uta uani akashindwa kuamini. Mafundi wawili kutoka Kizwite wamekuja kuliangalia.

Sasa karakana ina hewa. Steven ameanza kazi tena Jumatatu iliyopita. Umeridhika?

Baba yako,
Teodori


Mafinga
19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Mtoe Steven humo ndani. Leo. Ukimaliza kusoma sentensi hii weka barua chini, mtoe, halafu urudi uendelee.

Sanduku lile linapunguza vumbi linaloelea. Halizuii lile linalotoka kwenye msasa na kumwingia puani kabla halijafika darini. Linamsaidia mtu mwenye afya asiugue. Steven ameshaugua! Daktari amesema asiingie tena kwenye vumbi, hakusema asiingie mpaka baba yake atundike sanduku. Kwake yeye hata vumbi kidogo ni jingi.

Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi pia, kwa sababu nilichora mshale wa feni, nikachora vipimo, na sikuandika popote kwamba mgonjwa asirudi. Nilidhani ni jambo ambalo baba hahitaji kuandikiwa.

Hujasema chochote kuhusu madirisha. Najua maana yake bado yamezibwa. Nimempigia mama, anasema yeye hasikilizwi. Steven anasema, "Dada, mzee ametengeneza sanduku kwa ajili yangu, nitamwambiaje siingii?" Umeona ulichomfanyia? Umempa zawadi ambayo hawezi kuikataa.

Mtoe.

Bertilla


Mafinga
3 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki sita zimepita. Simu ya Steven haipatikani. Mama akipokea analia, kisha anakata. Nimemuuliza kondakta kama barua ya Juni ilifika, ameapa kwamba alikukabidhi mkononi tarehe ishirini na mbili, na wewe ukaifungua mbele yake.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Kama Steven amekufa na mmenificha, sitawasamehe.

Bertilla


Katandala, Sumbawanga
25 Agosti 2024

Bertilla mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, ila haongei na mimi isipokuwa kwa mambo ya chakula. Steven yuko hai. Naanza na hilo. Mama yako nilimkataza kukuambia, ndiyo maana alikuwa anakata simu.

Barua yako ya Juni niliisoma mbele ya kondakta, kweli. Nikaikunja nikaiweka kwenye droo ya misumari. Nilijiambia kwamba mtoto huyu amezoea kuniamrisha.

Baada ya siku mbili Steven alikuwa anapiga msasa milango ya mninga. Feni ya sanduku inazunguka juu ya kichwa chake. Akazima msasa akasema, "Baba, kifua kinabana. Nitoke kidogo." Mteja alikuwa anaisubiri milango ile jioni. Nikamwambia, "Maliza huo mmoja kwanza." Akaumaliza. Ulitoka laini kabisa, huwezi kuona mkwaruzo. Akauegemeza ukutani, akaanguka.

Alikaa hospitali siku tisa. Alipotoka hakupita nyumbani. Alipanda gari kwenda Namanyere, akateremka mpaka Kipili, ziwani, kwa mjomba wake Zenon. Huko anasaidia kuanika dagaa na kuuza.

Wiki iliyopita nilimfuata. Nilimkuta amekaa kwenye mawe karibu na mitumbwi. Hakuniamkia. Nilikaa karibu naye, akasema, "Baba, ulijua?"

Nikamwuliza, nilijua nini?

"Ulijua kwamba ni vumbi. Tangu mwanzo."

Bertilla, ningeweza kumdanganya. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, ni yaleyale niliyokuandikia wewe mwezi wa nne. Lakini alikuwa ananitazama. Nikamwambia nilijua.

Nilijua kwa sababu kifua chake ndicho kifua changu. Mimi naumwa hivyohivyo mwaka wa kumi na moja sasa. Kila asubuhi kabla mama yako hajaamka natoka nje, nakohoa nyuma ya choo mpaka machozi, nanawa uso, ndipo naingia kunywa chai. Mbao nzito nilikuwa nambebesha Steven kwa sababu mimi siwezi, halafu namwita mlegevu ili watu wamtazame yeye. Nikikubali kwamba vumbi limemwua pumzi mwanangu, itabidi nikubali kwamba kazi niliyojisifia maisha yangu yote imeniua na mimi, na kwamba nilimwingiza humo kwa mkono wangu, nikijua. Nilishindwa. Ilikuwa rahisi zaidi kukukasirikia wewe.

Steven alisikiliza yote. Halafu akainuka, akaenda kuwasaidia wavuvi kuvuta mtumbwi. Alivuta kidogo, akasimama kuhema, akavuta tena. Hakurudi nilipokuwa. Hakuniaga. Nilisubiri mpaka gari la mwisho likapiga honi.

Sijui nimalizie vipi barua hii.

Baba yako


Mafinga
29 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye benchi nje ya kiwanda. Nilipofika pale kwenye "maliza huo mmoja kwanza" niliitupa chini nikaikanyaga. Gaudensi ndiye aliyeiokota.

Usitegemee nikuambie pole kwa hiyo miaka kumi na moja. Labda nitakuambia siku nyingine. Leo kila nikitaka kukuonea huruma namwona Steven anaegemeza mlango ukutani taratibu usikwaruzike, huku anakufa. Ungesema neno moja, baba. Ungesema, "Hata mimi naumwa, tutoke nje wote." Tungeacha kazi, tungeuza ulezi, tungekula mlenda. Nisingeondoka hata mimi.

Nimeomba likizo. Nitafika tarehe kumi na nne Septemba. Usinisubiri stendi. Nakuja kumwona mama, kesho yake naenda Kipili. Karakana sitaingia.

Kabla sijafika, nenda hospitali. Waambie miaka yote kumi na moja, usiseme "tangu juzi". Waambie na habari ya nyuma ya choo. Usipokwenda, mama nitamchukua niondoke naye, na wewe utabaki na sanduku lako.

Bertilla


Katandala, Sumbawanga
6 Septemba 2024

Bertilla mwanangu,

Marahaba. Ni baridi bado, lakini mchana jua lipo. Mama yako amefua mablanketi kwa ajili yako.

Nimekwenda. Mama yako alinisindikiza. Nilipotaja miaka kumi na moja alikuwa amekaa pembeni yangu. Alivua kitambaa chake cha kichwani akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Wakanipulizisha kwenye mrija wa kupima pumzi. Walisema nipulize kwa nguvu, nikapuliza, muuguzi akasema, "Mzee, bado hujaanza?" Nilikuwa nimeshamaliza. Daktari ni yuleyule niliyemkasirikia mwezi wa tano. Akaandika "seremala", akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayefanya kazi humo ndani. Nikamwambia alikuwepo. Akainua macho, akanikumbuka. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Dawa ya kuvuta nimepewa. Kifua changu hakitarudi kilivyokuwa, amesema wazi.

Jana nimekata mkanda wa mashine ya randa kwa patasi. Nilidhani nitalia, sikulia, nilikuwa na hasira tu, na safari hii nilijua namkasirikia nani. Sanduku nimewapa wale mafundi wa Kizwite. Nimewaandikia juu yake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MWENYE KIKOHOZI ASIINGIE HATA KAMA FENI INAZUNGUKA. Mmoja akasema maneno ni marefu mno. Nikamwambia akiyafuta namnyang'anya.

Umesema kesho yake utakwenda Kipili. Mimi sitakuja mpaka Steven mwenyewe aniite, na huenda asiniite. Nakuomba jambo moja tu. Usinitetee kwake. Usimwambie mzee anaumwa, usimwambie mzee amejuta. Akianza kunitukana mbele yako, kaa chini, mwache aseme mpaka mwisho.

Baba yenu,
Teodori