Kitenge cha Sare Kimeishia Kwenye Kabati Langu

Jumamosi. Ukungu umelala hapa kwetu Bulyaga tangu asubuhi, na vidole vyangu vimekakamaa kwa baridi na kwa gundi pia.

Nimefanya jambo. Naliandika mwenyewe kabla wengine hawajalisimulia kwa namna yao.

Kile kitenge nilichopewa cha sare ya harusi ya dada Atupele, mtoto wa shangazi yangu, nimekikata. Sikushona gauni. Nimekibandika kwenye kabati langu la nguo.

Kabati lenyewe baba alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Milango ilikuwa imebanduka kwa unyevu, na baba kila akipita alikuwa anauliza, "Hizo kuni zako bado zipo?" Jana nikafungua bawaba, nikapiga msasa mpaka pua ikajaa vumbi, nikapaka gundi ya mbao, kisha nikalaza kitambaa taratibu huku nikikinyoosha kwa rula ya shule. Njano, bluu, maua makubwa kama sahani. Kilichobaki nimevalisha stuli na ubao wa kichwani wa kitanda. Kwa baridi hii gundi haikauki, kwa hiyo nimeweka jiko la mkaa karibu, dirisha wazi, nikakaa nalo kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Chumba changu sasa kinapiga kelele. Mimi si mtu wa kelele.

Nimekipenda hivyohivyo.

Sasa ukweli. Wasichana wote wa ukoo tuligawiwa kitenge hicho ili tuingie ukumbini kwa mstari, tukicheza, mbele ya watu wote. Harusi iliyopita ya ukoo niliingia. Mshereheshaji akasema kwenye maiki, "Huyu wa mwisho ana jiwe kwenye kiatu?" Ukumbi mzima ukacheka. Video ipo mpaka leo kwenye grupu la ukoo, na kila asiye na la kufanya anaituma upya.

Ningeweza kusema mapema kwamba sitaki. Sikuthubutu. Nilikata kwanza ili nisiwe na pa kurudi.

Leo mchana shangazi, mama yake Atupele, kaja na bodaboda kutoka Masukulu kuangalia gauni.

"Haya, livae nikuone."

Nikafungua mlango wa chumba, nikanyoosha kidole.

"Kyala, Mungu wangu! Umelivalisha kabati?" Akaligusa, kidole kikanata. "Kwa hiyo ndilo litakaloingia kucheza?"

Mama aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Shangazi hakuwa anatania. Alisema kitambaa kingine kipo, Jumatatu nitapelekwa kwa fundi, na nisipoingia kwenye mstari watu watasema nimesusia harusi ya dada yangu.

Nikaegemea fremu ya mlango.

"Shangazi, harusini nitakuja. Nitamenya ndizi, nitaosha masufuria, nitapanga viti. Kucheza sichezi."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu, shangazi."

Sikujua kama nina sauti hiyo. Ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka, na sijaomba irudi.

Kaondoka bila kunywa chai. Kwetu hapa hilo si jambo dogo. Mama kanifuata chumbani, kasimama mlangoni.

"Umemuudhi," kasema. "Ila kabati limependeza."

Siombi radhi kwa sababu ya kabati. Wala kwa kutocheza. Kitambaa, sawa, nilipaswa kuuliza kwanza, na hilo nitalisema. Kinachoniuma ni kingine: Atupele ataambiwa kwamba simpendi, wakati siku ile ukumbini ni yeye peke yake aliyekuja kunishika mkono na kunitoa nje. Huenda jioni hii tayari kashaambiwa.

Kesho ibada ikiisha nakwenda Masukulu. Situmi ujumbe, simtumi mama. Nitamwambia Atupele nikiwa namtazama usoni kwamba harusi yake naitaka na mstari siutaki. Sauti ikitetemeka, itetemeke.