Neno kwenye Msalaba wa Mama

Kitale,
Jumatatu jioni.

Baba mpendwa,

Mulembe. Pokea salamu zangu kabla hujauliza kwa nini mtu mwenye simu ahangaike na kalamu. Wewe na simu hamjawahi kuelewana. Ukiiweka sikioni unasikia nusu, na nusu ya jambo hili haitoshi. Goti lako linaendeleaje? Na ng'ombe wako yule mwekundu, bado anakufuata mpaka mlangoni? Mimi na mjukuu wako Nekoye hatujambo. Huku mvua imeshika, mahindi ya jirani yetu Jerop yamenipita kimo, na kila nikipita kando yake nalikumbuka shamba letu la Sirisia. Tangu tumzike Mama sijakanyaga nyumbani, na wewe hujaniuliza sababu. Afadhali ungeniuliza.

Jana baada ya ibada mdogo wangu Hesbon alinipigia. Alinieleza kwamba fundi anakuja Ijumaa kuandika maneno kwenye msalaba wa saruji, na kwamba umekataa katakata mtu yeyote akuchagulie maneno hayo. Kisha akanitumia picha ya karatasi uliyoandika kwa mkono wako. "Si wewe ndio madam wa Kingereza?" akaniambia. "Cheki tu spelling bana, huyu fundi asituaibishe."

Nikasoma: She walked pompously with God.

Baba, herufi zote ziko sawa. Hakuna hata moja iliyokosea. Lakini nakuomba, nikiwa nimepiga magoti, neno lile la tatu lisiandikwe juu ya Mama. Nimecheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, na Nekoye akaniuliza ni nani tena amekufa.

Unakumbuka lilivyoingia nyumbani. Nilikuwa darasa la saba, Mwalimu Kiplimo ametupa maneno kumi ya Kiingereza, kila moja tulitungie sentensi. Ukaokota daftari langu mezani, ukaona umetajwa: My father walks pompously to church. Ukaniuliza maana yake. Nikakujibu kwamba ni kutembea kwa heshima, kama mtu ambaye Mungu anamjua kwa jina. Ukaniambia nilitamke tena, na tena, mpaka likakukaa mdomoni. Likatoka pompasri, kwa ile r yetu ya nyumbani.

Tangu siku hiyo neno hilo halikupata kupumzika. Wakwe zangu walipokuja kuniposa uliwaambia wamekaribishwa pompasri. Kwenye baraza la chifu ulimwomba ofisa wa elimu aketi pompasri, naye akakutazama, kisha akatazama viatu vyake. Walimu walikuwa wakikohoa kwenye vitambaa. Mimi nilikuwa nikihesabu vidole vyangu vya miguu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka ishirini na sita, na imefika kaburini kwa mama yangu. Basi niseme. Neno hilo maana yake ni kwa majivuno, Baba. Ni kutembea kwa kuringa, kujiona mkubwa kuliko wenzako. Wala sikukosea. Maana yake niliijua vizuri nilipoliandika.

Jumapili kabla ya sentensi ile ulikuwa mbele yetu, Biblia kwapani, mkono mmoja mgongoni, koti limepigwa pasi. Mama alikuwa nyuma kabisa, Hesbon mgongoni na kikapu cha ndizi za wageni kichwani. Mvua ikaanza. Ukafungua mwavuli wako, ukaendelea kutembea, hukugeuka. Nilikasirika. Sikuwa na mdomo wa kukuambia kwa Kiswahili wala kwa Lubukusu, kwa hiyo nilikuambia kwa lugha ambayo hungenifikia. Uliponiuliza maana, niliogopa, nikadanganya.

Mama alijua. Nilimwambia mwaka nilioingia chuo cha ualimu, tukichambua mboga. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Nikamwambia nitakueleza ukweli siku hiyo hiyo, nimechoka kukuona ukichekwa. Akaacha kucheka. Akaniambia nisithubutu, nikuache nalo. Alisema tangu neno lile liingie nyumbani hujamwacha nyuma tena. Jumapili iliyofuata tu ulisimama kwenye kona ya kanisani ukamngoja, ukamtua kikapu, na mwavuli ukaushika katikati yenu. Alipokuuliza umepatwa na nini, ulimjibu kwamba mtu anayetembea pompasri hawezi kumwacha mkewe kwenye mvua.

Ndiyo maana nilinyamaza miaka yote hii. Na siku ya mazishi nilikuona umesimama kwenye kona ile ile, mwavuli mkononi, jua likiwaka, huna wa kumngoja. Nilishindwa kukukaribia. Hiyo ndiyo sababu sijaja nyumbani, na si kazi kama nilivyomwambia Hesbon.

Mwambie fundi asubiri. Tumwandikie Mama kwa lugha aliyosali nayo, kwamba alitembea na Mungu kwa heshima. Maana uliyoishi nayo wewe ilikuwa nzuri kuliko ya kamusi, lakini wapita njia watasoma ya kamusi.

Barua hii nampa Rosaline anayeuza vitunguu, atakufikishia Jumatano akija soko la Sirisia. Isome mwenyewe, usimpe Hesbon, atacheka hadi Krismasi. Wasalimie wote wa kanisani, na Nekoye anakusalimu, anasema umwekee ndizi.

Shule zinafungwa Ijumaa. Jumamosi saa nne nitashuka pale kwenye kona ya kanisa. Kama umenisamehe, Baba, ningoje hapo na mwavuli, hata kama hakuna mvua.

Ni mimi binti yako,
Nabwile.