Kisiwa Kilichozama na Ukingo wa Newala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu ulipotutoka sikuacha kukuamkia kila nilipofika nyumbani, na Mama alikuwa akiniitikia kwa niaba yako: "Marahaba, amesikia." Leo nakuandikia kwa sababu sina tena mahali pa kusimama nikakuamkia. Na kwa sababu naogopa, na wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kumwambia naogopa bila kuchekwa.

Unaikumbuka nyumba ya walimu kule Chidya, ulipokuwa unafundisha historia? Jioni moja mimi na mdogo wangu Danieli tulikuwa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, ukatusimulia habari za Atlantis. Ulisema mwanafalsafa mmoja Mgiriki wa zamani sana aliandika juu ya kisiwa kikubwa chenye mahekalu na majeshi, watu wake wakajaa kiburi, ndipo kwa mchana mmoja na usiku mmoja ardhi ikatetemeka na bahari ikakimeza. Danieli alicheka. Mimi nilinyanyua miguu kutoka sakafuni nikaikunja kitini.

"Kilikuwepo kweli, Baba?" nikakuuliza.

Ulisema wengine wanaona habari hiyo ilianzia kisiwa cha Thera, ambako volkano ililipuka, katikati ya kisiwa ikaporomokea baharini, na mawimbi yakaenda kuzipiga pwani za Krete, walikoishi watu wa majumba makubwa na meli nyingi. Hayo yalitokea zaidi ya miaka elfu moja kabla mwanafalsafa yule hajazaliwa. Kama yalimfikia, yalikuwa yamepita midomo mingi. Wengine wanautaja mji wa Wagiriki uliokuwa karibu na pwani, ambao ulitikisika ukafunikwa na maji yeye mwenyewe akiwa hai. Ukatuambia inasimuliwa kwamba siku chache kabla ya hapo panya na nyoka waliuhama mji ule, watu wakabaki kushangaa. Na wapo wanaosema alitunga yote kichwani mwake, ili watu wa mji wake waache majivuno.

"Sasa ipi ndiyo kweli?" Danieli akauliza.

"Sijui. Ila nadhani mtu wa kwanza kuisimulia alikuwa ameona kitu kikamtisha."

Mama alipita na sufuria. "Mwalimu, unawatisha watoto, halafu usiku wanakuja kujazana kitandani kwangu." Tulidhani hasikilizi.

Ulipostaafu ukajenga Newala, karibu kabisa na ukingo wa mwinuko, ili uamke ukilitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi ukungu ulipojaa bondeni ulikuwa unaniita: "Rehema, njoo uone, bahari imepanda." Sikuwahi kukwambia jinsi nilivyouchukia ule ukungu. Nilikuwa nasimama nyuma yako nimeshika shati lako, mtu mzima mimi, na watoto wangu wananiangalia.

Tulikuzika hapo hapo, chini ya mkorosho wako wa mwisho, kama ulivyotaka.

Mvua zilizopita hazikuwa kama zile unazozijua, Baba. Zilinyesha mpaka mihogo ikaoza shambani. Nilikuwa dukani kwangu Masasi Mama aliponipigia simu, na hakusema kwamba anaogopa. Alisema, "Mlango wa jiko haufungi."

"Umevimba kwa unyevu, Mama."

"Haujavimba. Jiko limeinama."

Nilipanda Newala kesho yake. Mama alinichukua mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye msingi wa jiko, ukapita katikati ya mbaazi, ukazunguka nyuma ya kaburi lako. Mbaazi za upande wa bondeni zilikuwa zimelala zote upande mmoja. Nilipiga magoti nikaingiza mkono kwenye ufa hadi begani. Sikugusa chini. Nilihisi hewa baridi tu ikinipuliza vidole.

Danieli alikuja kutoka Mkunya, akautazama, akasema ardhi yote hupasuka kwenye mvua nyingi. Lakini niliona hakuuvuka. Mimi nikamwambia Mama tuondoke siku hiyo hiyo. Akaketi kwenye kigoda barazani akaanza kuchambua mchele.

"Baba Rehema yuko hapa. Nimwache na nani?"

"Mama, tutarudi mvua zikikatika."

"Mlimleta hapa mkaniambia nimwangalie. Namwangalia."

Nilimbembeleza, nikalia, nikamfokea, Mungu anisamehe. Hakuinua kichwa. Mvua ikaanza tena, na ndani ya ukuta kukawa na mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni mbali. Nilitaka kukimbia, Baba. Nakwambia ukweli: miguu yangu ilikuwa imeshageukia barabarani, na mama yangu amekaa pale na ungo.

Kisha panya wakatoka. Walitoka chini ya jiko mchana kweupe, wakubwa kwa wadogo, wakapita karibu na miguu ya Mama bila hata kumkwepa, wakavuka uwanja kuelekea barabarani. Mama aliwafuata kwa macho mpaka wa mwisho. Akaweka ungo chini.

"Mwalimu alisema panya walihama kwanza," akasema. "Rehema, nichukulie kanga zangu."

Miaka yote ile, kumbe alikuwa anasikiliza.

Tulikuwa tumefika barabarani, Danieli na godoro kichwani, mimi nimemshika Mama kiunoni, tuliposikia sauti kama lori linamwaga mawe. Tuligeuka. Mkorosho wako ulikuwa unashuka ukiwa umesimama wima, polepole, na majani yake yote. Ukazama mbele yetu kama mtu anayeingia majini. Kisha jiko. Kisha nusu ya nyumba, na kaburi lako pamoja na msalaba wake. Baada ya hapo tukaiona Msumbiji kutoka mahali ambapo haikuwa ikionekana. Majirani walikuja wakasimama nyuma yetu. Mama alikaa chini kwenye tope, akajifunika uso kwa kanga.

Jirani zetu wote wako salama, namshukuru Mungu. Mama anaishi Mkunya kwa Danieli. Anakula, anacheka na wajukuu, lakini hataki kulala chumba ambacho kitanda kiko upande wa mteremko.

Juzi nilikwenda mnadani Mnyambe kuuza vitenge. Mama mmoja alikuwa anasimulia habari za kijiji kizima kilichozama Newala. Alisema watu walikuwa wanacheza ngoma wakakataa kuonywa, na kwamba palikuwa na mwalimu mwenye kiburi aliyejenga ukingoni akijiona yuko juu ya wenzake. Nikamwambia, "Mama, ilikuwa nyumba moja. Ilikuwa kwetu."

Akanitazama kwa huruma. "Hujui, mwanangu. Mimi nimesimuliwa na mtu aliyekuwepo."

Wateja wakacheka, nami nikafunga mzigo wangu mapema. Njiani niliwafikiria watu wa Thera, wa ule mji wa pwani, na wengine tusiowajua. Nao walikuwa na majiko na mbaazi, na baba zao. Sasa wanajulikana kwa kiburi tu, na hata hicho hatuna hakika kama walikuwa nacho. Naogopa wewe pia utakuwa hivyo. Wanangu wakizeeka, nani atabaki wa kusema kwamba ulijenga pale kwa sababu ulipenda kutazama asubuhi?

Mawingu yameanza kukusanyika tena upande wa kusini. Mvua ikigonga bati natoka nje na watoto, hata hapa Masasi penye ardhi tambarare, tunasimama uani tukilowa mpaka nihakikishe nchi imetulia. Mume wangu amechoka kunikataza.

Wiki iliyopita tulifanya ibada ya kukukumbuka pale pale Newala. Mchungaji alipotuambia tugeuke tulielekee kaburi, tulitazamana. Danieli aligeukia bondeni, mimi nikageukia pale ukingo ulipokuwa, sijui nikuamkie upande gani. Mama alisimama katikati yetu, akaangalia chini ya miguu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Marahaba."

Pumzika, Baba, popote udongo ulipokuweka.

Binti yako wa kwanza,
Rehema