Sauti Isiyopumua

Kariakoo, Dar es Salaam
Mwezi wa Novemba

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama pia shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, goti lako limepunguza ukorofi, na mvua za vuli hazijaangusha migomba ya upande wa mtoni. Kahawa mmeiuza ushirika au mmewapa hawa wanunuzi wapya wanaopita na magari? Huku sote tunaendelea vizuri. Mjomba anakohoa kwa vumbi la dukani, lakini akisikia bei ya sukari kikohozi kinakatika anaanza kugomba. Kaka Nderingo yuko mtaa wa Gerezani kwenye gereji yake, ananuka oili mpaka shuka zake.

Barua yako niliipokea kwa kondakta wa basi, nikaisoma nimekaa juu ya mafurushi ya sufuria. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba umemtoa mtamba, yule mwenye doa jeupe kwenye paji, umempeleka kanisani kuwa shukrani kwa ajili ya koo langu, na kwamba alipigwa mnada nje baada ya ibada, watu wakashangilia. Sikuweza kuendelea. Niliikunja barua nikamwambia Mjomba kichwa kinaniuma. Naomba uketi, Baba, na usimsomee Mama barua hii mpaka uwe umeimaliza mwenyewe.

Sijapona. Ile sauti kwenye kaseti aliyowaletea Nderingo imetoka kwangu, lakini imetengenezwa na kompyuta. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unajua kwamba tangu nipasuliwe rovu la shingoni mwaka jana nilibaki na sauti ya kukwaruza. Hapa dukani hilo ni tatizo kubwa, maana Kariakoo asiyepiga kelele hauzi. Wenzangu wanaita wateja tangu barabarani, mimi nagonga sufuria kwa upawa. Wapagazi wamenipa jina la Dada Sufuria, na wakipita na mikokoteni wanagonga mbao zao kunijibu. Nimezoea.

Mwenye jengo letu ni mzee wa Kihindi anayeuza vitambaa duka la pili, mtu wa sala, nyama haigusi. Mwanawe Kirit hana habari na vitambaa. Amejaza kompyuta kwenye chumba cha juu, kuta amezifunika kwa magodoro ili kelele zisitoke, na humo anatengeneza muziki wa disko unaochezwa Ulaya. Anauita transi. Ngoma inapiga ile ile bila kuchoka, vinanda vinapanda na kupanda, halafu mwanamke anaimba maneno machache yale yale, nipeleke juu, nipeleke juu. Najua kwa barua yako kwamba Mchungaji aliyasifu maneno hayo akidhani ni ya mbinguni. Kirit alikuwa anazungumzia disko. Siku hizi redio za watu binafsi zimekuwa nyingi mjini na zinapiga kila kitu, kwa hiyo vijana wameupenda muziki huo.

Siku moja alishuka kumchukulia mama yake sufuria, akanisikia nikimjibu mteja.

"Dada, hebu sema tena hivyo hivyo."

"Niseme nini?"

"Chochote tu. Sauti yako ina mchanga ndani. Naitaka."

Nilidhani ananitania. Watu wote walikuwa wananipa pole kwa sauti hii, na yeye ndiye wa kwanza kuitaka. Nikapanda ngazi.

Siwezi kuimba mstari mzima, Baba. Pumzi inavuja, noti inakatika kabla neno halijaisha. Kwa hiyo Kirit alinirekodi kipande kwa kipande. Natoa "ni", napumzika. Natoa "pe", napumzika, nakunywa maji ya vuguvugu. Kisha yeye anakaa na kompyuta yake, anakivuta kila kipande mpaka kifike kwenye noti, anakirefusha, anakirudia, anavipanga mpaka mimi peke yangu nakuwa kwaya. Tulifanya hivyo kwa miezi kadhaa mpaka kaseti ikajaa. Aliponisikilizisha wimbo wa kwanza nililia, akadhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa nimesahau kwamba kitu kilichotoka kooni mwangu kinaweza kupanda juu vile, na nilifurahi, nisikufiche.

Sasa kaseti iko kwenye kila kibanda. Juzi walisimama vijana wawili mbele ya duka, spika za jirani zikiwa zinaipiga.

"Oya, huyu manzi anaimba balaa!"

"Huyo siyo wa Bongo wewe. Huyo wa majuu."

"Si anaimba Kiswahili, mshamba!"

Nikawauliza wanataka sufuria ya ukubwa gani. Mmoja akaniangalia kwa huruma akasema, "Pole na mafua, dada." Niliwauzia, wakaenda zao.

Mwezi uliopita nilirudi hospitali. Daktari aliniingiza kioo kidogo kooni, akaangalia sana, kisha akaniambia kwamba mshipa wa sauti wa upande mmoja umekufa na hautarudi. Alisema kwa upole huku anaosha mikono. Sikuwaandikia kwa sababu nilitaka kuwaambia kwa mdomo nikija kula Krismasi. Barua yako ikanitangulia. Mtamba ameshakwenda, Mchungaji ameshatangaza, na mimi nimeshapangwa kuimba peke yangu sauti ya kwanza asubuhi ya Krismasi. Siku ile ya daktari sikulia, Baba, lakini kwa barua yako nimelia.

Nilimweleza Kirit. Yeye kila kitu kina dawa.

"Si upige pleibeki tu, dada? Wasanii wote mjini hapa ndiyo wanafanya hivyo. Nakutengenezea wimbo wenu wa kanisani, wewe unachezesha mdomo."

"Mbele ya baba yangu?"

"Hatajua bwana."

"Humjui wewe. Baba yangu anasimamisha kwaya nzima kwa sababu mtu mmoja kavuta pumzi kabla ya mkato."

Nilipomaliza kusema hivyo, maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Kirit akaniuliza kuna nini, nikarudi kwenye sufuria zangu.

Kirit anazikata pumzi zote, Baba. Anasema kwenye transi pumzi ni uchafu. Ile sauti inaimba upande wa kwanza mpaka wa pili haijavuta hewa hata mara moja. Na wewe ndiye uliyeniambia, nikiwa mtoto, niweke kiganja tumboni nivute hewa kabla ya kufungua mdomo. Wewe ndiye unayetia penseli kwenye vitabu vyetu vya nyimbo, pumua hapa, na hapa usithubutu. Unasema uliisikiliza kaseti kutwa nzima, majirani wakaja, ukairudisha mwanzo. Haiwezekani kwamba hukusikia.

Nadhani ulijua tangu wimbo wa kwanza. Nadhani mtamba yule ulimtoa kwa kuomba nipone, ila ukaona haya kuwaambia watu, ukasema ni shukrani. Sikulaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe, mwenye koo, niliisikiliza kaseti ile nimefumba macho nikijidanganya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sitaki tuumbuke wote wawili mbele ya usharika, wewe umeinua mkono na mimi nimefungua mdomo na hakuna kinachotoka.

Kwa hiyo naomba wimbo wangu mpe Nsia, binti wa Baba Mdogo. Ana koo zuri, ila mwambie asikimbilie mwisho wa mstari. Mchungaji mwambie ukweli wote. Mtamba asirudishwe, aliyemnunua amfuge kwa heri. Mimi nitakaa benchi la akina mama, nitafungua kitabu kama wengine, na mkifika kwenye ule ubeti ninaoupenda nitakuwa nausoma.

Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie khanga zake ninazo. Nisalimie Shangazi muuza maziwa, asiendelee kunitafutia mchumba kwa kumsifia mtu sauti yangu. Nisalimie wote wa sauti ya pili, hasa yule mama mnene aliyekuwa akinipa tangawizi kabla ya ibada. Mama mwambie nakula vizuri, na kovu la shingoni limefifia mpaka mtu haoni asipoambiwa.

Nitakuja na basi linalofika jioni, giza likiwa limeshaingia kwenye migomba. Mtasikia mtu anapiga hodi kwa sauti nzito iliyopasuka, kama ya mwanamume mgonjwa. Mama ataogopa. Wewe usiulize ni nani, Baba. Fungua tu.

Ni mimi mwanao,
Eliaichi