Matairi ya Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Uriri, Jumapili jioni. Mvua ilianza adhuhuri, ikapumzika kidogo, sasa imerudi.

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Wachache mnaofungua ukurasa huu mmekuwa mkiuliza kama ninaugua. Mmoja wenu aliuliza, kwa adabu kubwa, kama bado nipo. Nipo. Siumwi. Nilikosa msomaji wangu wa kwanza.

Kila nilichowahi kuandika hapa nilimsomea mke wangu kabla hakijatoka. Mimi nilisoma, yeye alipepeta wimbi. Nilipofika mahali palipozidi urefu, ungo ulisimama. Ungo ukisimama nilijua aya hiyo haifai, nikaifuta. Tangu alipokwenda kwao Lambwe kumuuguza mama yake, nyumba hii haina sauti ya ungo. Naandika aya baada ya aya na hakuna wa kunisimamisha. Kwa hiyo nikaacha kuandika.

Leo naandika kuhusu matairi. Nasema hivyo mapema ili asiyependa habari za magari aende zake kwa amani.

Pikapu yangu niliinunua nilipostaafu kazi ya ukalimani mahakamani. Huvuta kwa magurudumu yote manne, na injini yake haijawahi kunitia aibu. Lakini matairi yake ni ya lami, na sasa yamekaribia kuwa vipara. Kutoka hapa hadi Rongo, na kutoka Rongo hadi Homa Bay, hilo si tatizo. Ukishapita Homa Bay unashika njia ya Mbita, kisha unaiacha lami na kuingia kwenye changarawe. Changarawe nayo huvumilika. Taabu iko katika kipande cha mwisho, kati ya duka la mwisho na boma la wakwe zangu, ambako udongo ni mweusi. Ukiwa mkavu, hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Ukinyeshewa, hunata, hujaa katikati ya meno ya tairi, na baada ya mizunguko michache tairi huwa laini kama yai.

Mtu wa mbali atauliza: kwa nini usilale huko, ukangoja njia ikauke?

Silali ukweni. Nililelewa hivyo. Nikienda kule huketi nyumbani kwa shemeji yangu Odoyo, na mama mkwe hubaki katika nyumba yake ng'ambo ya ua. Salamu zetu huvushwa na mke wangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijapata kula mbele ya mama huyo, wala yeye mbele yangu. Mchungaji wetu anasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Binti yangu Achieng', ambaye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, anasema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Nawasikia wote wawili. Lakini si mchungaji aliyenifundisha namna ya kumheshimu mama wa mke wangu.

Naye, kwa desturi hiyo hiyo, hawezi kuletwa hapa akalala chini ya paa langu. Angalikuwa mama yangu mzazi, ningalikwisha kumbeba.

Basi mke wangu yuko huko, nami niko hapa, na kati yetu kuna udongo mweusi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilifika salama, kwa sababu asubuhi ilikuwa kavu. Nyar Lambwe aliniletea maji ya kunawa. Ndivyo nimwitavyo tangu nilipomwoa: binti wa Lambwe. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini tulikuwa mbele ya watu, na mbele ya watu mimi humuuliza habari za kuku. Nikamuuliza habari za kuku. Akanijibu kwamba kuku hawajambo. Mara wingu likachomoza juu ya milima ya Gwassi, nami nikainuka, chai ikiwa bado ya moto.

Sikufika mbali. Nje tu ya lango nilizama hadi kwenye ekseli. Odoyo alikuja na ng'ombe wake wa kulimia na mnyororo, na majirani wakaja kutazama, kama ilivyo haki yao.

"Shemeji!" Odoyo alisema akifunga mnyororo, kwa sauti ya kutosha boma zima na la jirani. "Unajua hii ng'ombe nyeupe ni ya nani? Nyanya yake ulileta wewe mwenyewe ukioa. Sasa mahari imekuja kukurudisha kwenu!"

"Basi waendeshe kwa heshima," nilimjibu. "Hao ni jamaa zangu."

"Jamaa zako wamesema wewe ni mzito!"

Watu walicheka sana. Katikati ya kicheko hicho nilisikia kimoja ninachokijua, kikitoka upande wa jikoni. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha mke wangu siku hiyo. Sikuweza kugeuka kumtazama kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani, na ng'ombe walikuwa wameanza kuvuta.

Hicho ndicho nilichorudi nacho Uriri. Matope mpaka kwenye kioo, na kicheko nilichokisikia bila kukiona.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa matairi. Nimeinama mbele ya maduka, nimesoma maandishi ya ubavuni kama nilivyozoea kusoma hati za mashtaka, nikijua sasa ni wapi pameandikwa wiki na mwaka wa kutengenezwa, na ni wapi pameandikwa uzito ambao tairi linaweza kubeba. Watu hapa sokoni wameniuliza ninataka matairi makubwa ya nini. Niliwaambia nina mpango wa kusafirisha mahindi. Si kweli. Sina mpango wowote wa mahindi.

Mjini Migori yupo Bwana Salim, mfanyabiashara aliyehamia huko kutoka Pwani, ambaye huuza matairi ya matope. Nakiri kwamba nilirudi dukani kwake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ya raha ya kumsikia akizungumza.

"Mzee wangu, gari hili waenda nalo wapi?" aliniuliza mara ya kwanza.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akanivutia tairi moja hadi mlangoni penye mwanga. Meno yake ni marefu na yameachana, hata mkono wangu uliingia katikati. Ubavu ni mnene. Likizunguka, alisema, matope hurushwa nje badala ya kuganda. Wachimba dhahabu wa Osiri ndio wateja wake wakubwa.

"Ukifunga haya, mzee wangu, mvua na inyeshe ipendavyo. Wenda, wamsalimu mkeo, warudi kwako siku hiyo hiyo. Ng'ombe wa watu wapumzike."

Siku hiyo hiyo. Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyatafuta.

Ila matairi hayo yana kelele. Bwana Salim, ambaye hafichi kasoro za mali yake, alinipandisha katika gari la mteja aliyekuwa ameyafunga, tukaenda hadi darajani na kurudi. Kwenye lami yalinguruma kama mashine ya kusaga unga. Dereva aliniambia jambo njia nzima na mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani.

Huko Homa Bay, karibu na stendi, yuko mama mmoja anayeuza matairi ya aina ya kati, yenye meno mafupi yaliyokaribiana. Hayo yametulia kwenye lami, yanashika vizuri kwenye changarawe, na katika udongo mweusi yanafaa ukiwa haujalowa. Nilimuuliza kama yatanifikisha Lambwe.

"Kufika utafika, Mzee," alisema. "Hii tairi haina shida ya kufika. Kurudi ndio utaombea."

Nilimshukuru nikaondoka, nikiwa na hakika kwamba nitanunua yale ya Salim. Njiani tu ndipo kelele zile ziliponirudia akilini. Nilijiambia kwamba siku nitakapomleta mke wangu nyumbani, kutoka Homa Bay hadi Rongo, sitapenda matairi yangurume. Nitataka kumsikia. Tutakuwa na mengi ya kuzungumza.

Kisha nikajiuliza siku hiyo ni siku gani.

Mke wangu hawezi kumwacha mama yake. Mama yake haponi. Umri huo hauna dawa. Siku nitakayomrudisha Nyar Lambwe nyumbani ni siku chache baada ya kumzika mama huyo. Nilisimamisha gari pembeni mwa barabara. Kila usiku, bila kuyapima maneno yangu, nilikuwa nikipiga magoti na kuomba mke wangu arudi.

Siwezi tena kuomba arudi.

Ijumaa alinipigia simu. Kule kwao mtandao hupatikana juu ya kichuguu kilicho karibu na lango, basi jioni hupanda hapo, nami husikia vyura kabla sijamsikia yeye. Nilimweleza habari za matairi kwa mpangilio mzuri: meno, ubavu, upepo unaopunguzwa kabla ya kuingia kwenye matope. Aliitikia vizuri. Nilipofika kwenye maneno "nitaweza kurudi siku hiyo hiyo," upande wa pili ukanyamaza.

Naujua ukimya huo. Ni ungo uliosimama.

"Baba Achieng'," alisema hatimaye, "kwa hiyo umetafuta matairi ya kukurudisha."

Nilianza kujieleza. Akanikata, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kila ukija unautazama mlima kuliko unavyonitazama mimi. Unajua Mama alimwambia nini Odoyo siku ile ya ng'ombe?"

Nikasema sijui.

"Alimgombeza. Alimwambia, 'Nani alikutuma umtoe?'"

Mama mkwe haoni tena, lakini masikio yake ni mazima, na anaujua mlio wa pikapu yangu tangu inapoiacha changarawe. Mke wangu akanieleza kwamba kila mvua inaponikuta kule, mama huuliza kutoka kitandani kama mkwe wake amekwama. Nikasema namwonea huruma kwa wasiwasi huo.

"Si wasiwasi," mke wangu akasema. "Anatumaini."

Kisha akasema uji wa mama unapoa, na kwamba Odoyo ana chumba upande wa nje, karibu na lango, paa lake linavuja kidogo tu. Akashuka kwenye kichuguu. Nilisikia vyura tena, halafu simu ikakatika.

Mahakamani nililitafsiri neno heshima mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, nikilichunga lisipungue wala lisizidi. Sikuwahi kujiuliza kama yule anayeheshimiwa ameitaka heshima yenyewe. Nimemheshimu mama huyu kwa kukaa mbali naye. Nilimpa umbali kama mtu anavyotoa zawadi, na sikuuliza kama anaupenda, kwa sababu kumuuliza kungekuwa utovu wa heshima. Sasa yuko kitandani, ng'ambo ya ua, akisikiliza kama gari langu limekwama.

Na binti yake yuko juu ya kichuguu.

Sitaki mnielewe vibaya. Sijaacha nilivyolelewa kwa sababu ya simu moja. Baba yangu angeniona nikitandikiwa kitanda ukweni, angegeuza uso. Nikilala kule, asubuhi nitaamka niseme nini? Nitakwenda kunawa wapi? Nitapita vipi mbele ya mlango ule? Mambo haya huenda ni madogo kwenu. Kwangu si madogo, na nimeyawaza tangu Ijumaa hata chakula sikijui ladha yake.

Lakini pia nimewaza jambo jingine. Nimewaza nikiwa nimeketi kwa Odoyo, wingu linatokea Gwassi, linashuka, mvua inaanza kupiga mabati, nami siinuki. Chai inaletwa. Ninainywa yote mpaka chini. Watu wanaondoka mmoja mmoja kwa sababu hakuna kitu cha kutazama. Halafu ninamwambia mke wangu kwamba amekonda.

Nimelitamani jambo hilo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote kinachouzwa dukani.

Matairi nitanunua; haya yaliyopo hayatanifikisha popote. Bwana Salim amesema atayaweka kando yale ya matope hadi kesho jioni. Yale ya mama wa Homa Bay bado yapo. Nilimpigia simu leo baada ya ibada, nikamuuliza tena kuhusu kufika, wala si kuhusu kurudi. Akacheka, akasema, "Mzee, hiyo swali si ulishauliza?"

Asubuhi nitatoka hapa. Nikifika barabara kuu nitajua kama ninaelekea Migori au Homa Bay.

Nikinunua yale ya Salim, nitawaandikia hapa kesho usiku, nikiwa mezani pangu, na nitawaeleza bei na vipimo kwa usahihi. Nikinunua yale mengine, sidhani kwamba mtu wa umri wangu atapanda kichuguu kwenye mvua ili kuandika shajara.

Mkiona kimya, msiniulizie. Mjue nimeshaamua.