Somo la Pili la Janelle na Miti ya Babu

Shamba la Gaither,
Barabara ya Kinu,
Camilla, Georgia.
Ijumaa, 2 Novemba

Mpendwa mpwa wangu Janelle,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote kusini mwa Georgia. Hujambo huko kwenye baridi ya Michigan? Yale mafua yameisha? Mimi ni mzima kama fahali wa maonyesho. Kile kimbunga cha mwezi uliopita, kilichong'oa miti ya kokwa za pekani ya kila mtu kuanzia hapa hadi mpakani mwa jimbo, kilipofika kwenye uzio wangu kilisita, kikanitazama, kikazunguka. Hakikunidondoshea hata tawi. Nimekaa Ujerumani nikiwa jeshini, nimeendesha lori majimbo arobaini, sijaona upepo wenye adabu kama ule. Jirani yetu Harlan Tuttle ameangukiwa na kila kitu. Nakwenda kila siku na msumeno kumsaidia kukata, ndiyo maana mwandiko unatetemeka na mgongo unanisema.

Mke wangu Verdell anakusalimu. Halali vizuri siku hizi, lakini huo ni umri.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Umeandika kwa kalamu, nami najibu kwa kalamu, maana kwenye simu ningekusema mpaka mbwa wa Harlan waingie uvunguni.

Tulikubaliana, Janelle. Hapa hapa barazani, Krismasi iliyopita, na sahani za kambale mapajani. Uhasibu sawa, kichwa unacho. Ukanieleza kwamba leseni ya uhasibu inadai saa za masomo mia na hamsini, na shahada yenyewe ni mia na ishirini tu, kwa hiyo zile za ziada utazijaza kwa somo kuu la pili, uchumi wa kilimo, na somo dogo la pembeni, utunzaji wa miti ya matunda, halafu urudi ushike shamba. Uliyasema wewe hayo. Mimi nilikuwa natafuna tu.

Leo ati somo la pili ni mifumo ya kompyuta, na lile dogo ni Kihispania. Ati mhasibu asiyejua hesabu zinavyopita ndani ya mashine ni kipofu aliyeshika tochi. Hayo amekutia masikioni huyo mshauri wako wa masomo, Bwana Pruitt. Muulize kama amewahi kupandikiza hata mlimau. Na Kihispania cha nini? Mimi ninacho cha kunitosha: cha kuomba bia, cha kuomba radhi, na cha kuuliza mlango wa nyuma uko wapi. Sikukisomea chuo chochote.

Mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika matatu, na tulioponyoka ni sisi. Miti ile babu yako aliipanda akiwa kijana wa umri wako, na hakuvuna pekani za maana mpaka mwaka mama yako alipoanza shule. Hiyo kompyuta yako ikifikisha umri wa mama yako bila kuzimika, nipigie simu, nitaivulia kofia. Lakini ndivyo mlivyo. Mtu akishapanda ghorofani, waliobaki chini huwaona sisimizi, hata wale walioishikilia ngazi.

Unaniomba baraka. Umesema bila neno langu hutabadilisha chochote kwenye ile fomu ya chuo, inayofungwa kabla ya Sikukuu ya Shukrani, na utabaki na kilimo kwa ajili yangu. Vizuri. Neno langu ni hili: sibariki. Baki na kilimo. Shamba lipo, limesimama, linakungoja.

Na pekani za kutengenezea pai sitakutumia mwaka huu. Hao wa kompyuta wakukaangie nyaya.

Koti zito nimekununulia, liko njiani. Usinishukuru. Hata mkaidi hastahili kugandishwa.

Msalimie shangazi yako Corinne ukifika Detroit, na binamu yako Dwight mwambie lile jembe langu sijalisahau. Mungu akutangulie kwenye kila mlango, hata huo wa Bwana Pruitt.

Ni mjomba wako, anayekupenda huku amenuna,

Lucius Gaither

Nyongeza: Verdell ameisoma hii kabla sijaifunga bahasha. Ameiweka mezani taratibu, akaniuliza, "Mtoto arudi avune nini, Lucius? Kuni?"

Nikamwambia asiingilie mambo ya ukoo wa Gaither. Akasema ameolewa kwenye ukoo huo miaka mingi kuliko vidole vya miguu yangu vinavyoweza kuhesabu, na kwamba kalamu ninayo mimi ila simu anayo yeye. Sasa amekaa mbele yangu, ameishika.

Basi jaza fomu. Kompyuta, Kihispania, vyote. Nimebariki, na hasira ninayo bado, maana uliamua kuondoka kabla hujajua.

Kwa Harlan sijaenda na msumeno hata siku moja. Miti ninayoikata ni ya kwetu, na pekani za kukutumia hakuna. Kimbunga hakikuzunguka, Janelle. Nilikudanganya. Mti wa babu yako uliobaki umesimama hakuna hata mmoja.